Njia nne za kuboresha ujuzi wa msaidizi wa akili unde katika kazi ya meneja wa bidhaa: uchague ipi?

Timu nyingi za bidhaa hapa Nairobi zimeshavuka hatua ya kumwuliza msaidizi wa akili unde maswali ya hapa na pale. Siku hizi zinamwandikia ujuzi, yaani folda yenye maagizo ya kazi moja inayorudiwa, ambayo msaidizi huifungua mwenyewe kazi hiyo inapokuja. Kuna ujuzi wa kusoma malalamiko ya wateja ya wiki, wa kuandika hati ya mahitaji, wa kupanga kipi kitengenezwe kwanza, na wa kuandaa taarifa ya Ijumaa kwa wakubwa. Toleo la kwanza huandikwa jioni moja na mara nyingi hupendeza. Baada ya wiki chache unagundua kwamba kila Ijumaa unasahihisha mambo yale yale kabla ya kutuma taarifa. Hapo ndipo watu hukwama: niuboreshe vipi?

Nazifahamu njia nne. Kuhariri kwa mkono kila kosa linapojitokeza, kumwomba msaidizi mwenyewe apendekeze marekebisho, kupima kwa seti ya mifano, na kuwapa wenzako waupitie. Kila moja ina mahali pake, na nitajitahidi kuzitendea haki zote.

Kwanza, jua kosa liko wapi

ChatGPT iliruhusu watu kujitengenezea wasaidizi wao mnamo Novemba 2023. Anthropic, kampuni inayotengeneza msaidizi Claude, ilitoa muundo wake wa ujuzi Oktoba 2025, kisha Desemba mwaka huo huo ikaufungua uwe kiwango huria ambacho zana nyingine zinaweza kukifuata. Katika muundo huo kuna faili moja iitwayo SKILL.md. Juu yake kuna jina na maelezo mafupi yasiyozidi herufi 1,024, chini yake maagizo yenyewe, na kando faili za marejeo ukipenda. Mwanzoni msaidizi husoma jina na maelezo tu. Akiona kazi inahusika ndipo anasoma maagizo, na marejeo anayafungua anapoyahitaji.

Nimetaja haya kwa sababu kosa hukaa katika moja ya sehemu hizo tatu, na kila sehemu ina tiba yake. Msaidizi asipoufungua ujuzi kabisa, shida iko kwenye maelezo ya juu, na hata ukiongeza maagizo kurasa kumi chini yake hutapata tofauti. Akiufungua na kufanya kazi vibaya, shida iko kwenye maagizo. Akifanya kazi vizuri lakini akabuni majina ya vifurushi vyenu au hatua za malipo, amekosa marejeo. Nimeona watu wakipoteza jioni nzima kwenye maagizo ilhali ujuzi wenyewe haukuwa umefunguliwa hata mara moja.

Vigezo vya kulinganisha

Nitatumia vinne: muda na pesa zinazotumika, ushahidi unaoupata kwamba ujuzi umeboreka kweli, usalama wa data ya wateja, na urithi, yaani kama mtu mwingine ataweza kuutumia na kuuendeleza usipokuwepo.

Mfano nitakaoutumia ni wa programu ya wenye maduka: mwenye duka anaitumia kupokea malipo ya Lipa na M-Pesa na kuandika bidhaa zilizouzwa. Meneja wa bidhaa ana ujuzi unaosoma malalamiko yaliyoingia kwa WhatsApp na simu, kisha unayapanga kwa makundi.

Njia ya kwanza: kuhariri kwa mkono

Unautumia ujuzi kwenye kazi ya kweli, unaona ulipokosea, unafungua faili, unabadilisha mstari mmoja, unaendelea na kazi.

Tazama ujumbe huu: "Mteja amelipa 850 kwa till, amepata mesej, kwangu haijaonekana." Na huu: "Nimemtumia ombi la kulipa, kidirisha cha PIN hakikuja kabisa." Ujuzi ambao haujaelekezwa vizuri utaweka yote mawili chini ya "matatizo ya malipo", na taarifa ya wiki itasema malalamiko ya malipo yameongezeka. Mhandisi akiisoma hana la kufanya nayo. Sasa ongeza mstari mmoja: gawa malalamiko ya malipo kulingana na mahali pesa ilipo, yaani bado iko kwa mteja, imetoka kwa mteja na haijafika, au imefika kwenye till (namba ya duka ya kupokea malipo) lakini programu haijaiandika. Lile rundo moja limekuwa kazi tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Ni mtu anayeijua biashara tu anayeweza kutoa marekebisho ya namna hii, na hiyo ndiyo nguvu ya njia hii. Vivyo hivyo na marejeo: ukiweka kando faili ndogo ya misimbo ya majibu ya Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu na M-Pesa (1032 mteja amekatisha ombi, 1037 simu yake haikufikiwa, 1 salio halitoshi, 2001 PIN si sahihi), msaidizi ataacha kukisia kwa nini malipo hayakupita.

*Muda na pesa.* Dakika chache kwa kila rekebisho. Pesa ya ziada hakuna.

*Ushahidi.* Mdogo. Umeona kosa moja limeondoka, lakini hujui kama mstari mpya umeharibu kitu kingine.

*Data ya wateja.* Haiongezi hatari yoyote, mradi huchukui ujumbe halisi wenye jina na namba ya simu na kuubandika kama mfano ndani ya faili.

*Urithi.* Hapa ndipo panapouma. Baada ya miezi kadhaa faili limejaa viraka, vingine vinapingana, na hakuna anayekumbuka kwa nini mstari wa arobaini uko pale. Kinachosaidia ni kuandika sababu pamoja na agizo: "Tenga malipo ambayo hayajaandikwa kwenye programu, kwa sababu hayo hushughulikiwa na wahandisi, si na huduma kwa wateja." Sababu humsaidia mwenzako, na humsaidia msaidizi vilevile, maana akikutana na jambo ambalo hukuliwazia ataamua kwa kuifuata sababu hiyo.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja mwenye ujuzi mpya, katika wiki za kwanza ambapo makosa ni mengi na ya wazi.

Njia ya pili: msaidizi apendekeze mwenyewe

Mwisho wa kazi unamwambia: soma mazungumzo yetu, orodhesha kila mahali nilipokusahihisha, kisha pendekeza mabadiliko madogo kabisa katika ujuzi ili nisirudie kukusahihisha. Unasoma, unakubali au unakataa.

Njia hii ina faida ambayo watu huidharau. Binadamu husahihisha bila kujua anasahihisha. Unafuta sentensi ya utangulizi, unahamisha jedwali likae juu, unabadilisha "watumiaji" kuwa "wenye maduka", na hukumbuki kuandika hayo popote. Msaidizi ana mazungumzo yote mbele yake, hivyo anaweza kukuonyesha kwamba mambo yale yale yanajirudia.

Kuna namna yake ya pili ambayo mimi naipenda zaidi. Fungua mazungumzo mapya kabisa, mpe faili la ujuzi bila kumweleza chochote, umwulize ni maagizo gani yanaweza kueleweka kwa namna mbili na yapi yanapingana. Kwa kuwa hana historia nawe, anasoma kilichoandikwa tu, na huona mapengo ambayo wewe unayajaza kichwani bila kujua.

*Muda na pesa.* Robo saa hivi, ndani ya usajili ulio nao. Usajili wa kawaida wa mtu mmoja ni dola 20 kwa mwezi, yaani kama shilingi 2,600 kabla ya kodi.

*Ushahidi.* Mdogo, na una mtego. Mapendekezo huandikwa kwa ufasaha na kwa kujiamini, kwa hiyo yanaonekana kuwa maendeleo hata pale ambapo hayajabadilisha lolote. Msaidizi hupenda pia kuongeza: kila kikao kinaleta "hakikisha" tano mpya, na faili linanenepa. Pendekezo la Anthropic ni kwamba SKILL.md isizidi mistari 500, na kwa kazi zetu nyingi mistari 100 inatosha. Mweke mipaka: aonyeshe mstari wa zamani na mpya, ataje ni wapi katika mazungumzo hitaji lilijitokeza, na asiandike upya faili zima. Akiachiwa aandike upya, atafuta mistari ambayo hajui sababu yake, na huenda ndiyo mliyoipata kwa taabu.

*Data ya wateja.* Soma mapendekezo kwa makini, kwa sababu msaidizi anaweza kuchukua mfano kutoka mazungumzo yenyewe, ukiwa na jina la mteja, na kuuingiza kwenye ujuzi utakaosambazwa kwa timu nzima.

*Urithi.* Wa wastani. Orodha ya mapendekezo yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, kila moja na tarehe yake, ni kumbukumbu nzuri ukiitunza.

*Inamfaa nani.* Anayeutumia ujuzi mara kwa mara na ana mazungumzo mengi ya kweli ya kujifunza kutokana nayo. Kwa ujuzi ambao bado haujatumika haina faida kubwa, kwani msaidizi atabaki kukisia.

Njia ya tatu: kupima kwa seti ya mifano

Unakusanya mifano, tuseme 15 hadi 20, unaandika kwa kila mmoja jibu zuri linapaswa kuwa na nini, kisha kila unapobadilisha ujuzi unaipitisha yote na kulinganisha na matokeo ya toleo lililopita. Hii ndiyo njia inayoogopwa kuliko zote, na kwa maoni yangu inaogopwa kupita kiasi. Haihitaji programu maalum. Lahajedwali lenye safu ya mfano, safu ya maswali ya ndiyo au hapana, na safu moja kwa kila toleo linatosha.

Mifano iwe ya aina tatu: ya kawaida, migumu, na ile ambayo ujuzi haupaswi kufunguka kabisa. Hiyo ya mwisho husahaulika sana. Mtu akiomba "niandikie barua ya kumjibu mteja huyu aliyelalamika", ujuzi wa kupanga malalamiko kwa makundi unapaswa kukaa kimya.

Pitisha mifano hiyo pia bila ujuzi wowote. Mara nyingine utakuta msaidizi anafanya sehemu fulani vizuri tu bila maagizo yako. Sehemu hizo zifute. Pitisha kila mfano zaidi ya mara moja vilevile, kwa maana majibu hubadilika hata swali likiwa lile lile.

Faida yake inaonekana kwenye kosa ambalo jicho halilioni. Rudi kwenye kanuni yetu ya mahali pesa ilipo. Ni kanuni nzuri, lakini pitisha mfano huu: "Mbona mmenikata ada mara mbili mwezi huu?" Msaidizi, kwa kuwa ameambiwa kila lalamiko la malipo liangukie moja ya sehemu tatu, atalisukuma kwenye "imetoka na haijafika". Taarifa itaonyesha pesa za wateja zinapotea njiani, na mtu ataamshwa usiku bure. Ukihariri kwa mkono bila kupima, hutaliona hilo mpaka liwe limefika kwa mkubwa. Kwenye seti linaonekana dakika ile ile, na tiba ni kundi la nne la malalamiko yasiyohusu mahali pesa ilipo.

Mfano mwingine ni upangaji wa vipaumbele kwa RICE, mtindo uliotoka kampuni ya programu ya Intercom: idadi ya watakaofikiwa, mara athari, mara uhakika, gawanya kwa juhudi. Chukua kipengele kitakachofikia maduka 4,000, athari 2, juhudi 4. Msaidizi akijaza uhakika asilimia 80 bila kuulizwa, alama ni 1,600. Kingine kinafikia maduka 1,200, athari 2, juhudi 2, na uhakika wake ni asilimia 100 kwa sababu mmeshakijaribu: alama 1,200. Cha kwanza kinaongoza. Sasa weka kanuni kwamba pasipo chanzo cha data uhakika ni asilimia 50. Cha kwanza kinashuka hadi 1,000 na mpangilio unageuka. Kazi ya wahandisi ya robo mwaka nzima ilikuwa imeegemea asilimia ambayo hakuna aliyeitoa. Swali la kupima hilo ni rahisi: je, kila uhakika unaozidi 50 umetajiwa chanzo?

*Muda na pesa.* Siku moja au mbili kuandaa, kisha saa moja hivi kila unapopima. Kwenye usajili wa mtu mmoja, kupitisha mifano yote mara kadhaa kunaweza kumaliza kiwango chako cha matumizi, na taarifa ya Ijumaa ikakukuta umefungiwa.

*Ushahidi.* Mkubwa kuliko njia nyingine zote kwa kile ulichopima. Kwa kile ambacho hukukiweka kwenye seti, haukuambii lolote. Ukimpa msaidizi mwingine kazi ya kusahihisha majibu, mwachie mambo ya umbo kama jedwali lipo au halipo, chanzo kimetajwa au la. Kama uamuzi wenyewe ni wa busara, hilo libaki kwa mtu.

*Data ya wateja.* Hapa kuna hatari ya kweli, kwa sababu unahifadhi ujumbe halisi kwa muda mrefu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na adhabu yake inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata kiasi kilicho cha chini. Ujumbe wa M-Pesa hubeba jina, kiasi, saa na mara nyingi namba ya simu. Badilisha majina na namba, lakini acha mpangilio wa matukio, kiasi cha kubuni kilicho karibu na cha kweli, na hata makosa ya tahajia. Ukisafisha mpaka kila ujumbe uwe Kiswahili sanifu, utakuwa unapima wateja msio nao.

*Urithi.* Mzuri sana. Anayekuja baada yako anaweza kubadilisha ujuzi bila woga.

*Inamfaa nani.* Timu ambayo matokeo ya ujuzi wake huamua mambo: nani ajenge nini, nani arudishiwe pesa, nambari gani iingie kwenye taarifa ya bodi.

Njia ya nne: wenzako waupitie

Unawaita watu wawili au watatu wa idara tofauti, mnasoma ujuzi kwa sauti pamoja na matokeo yake machache, nao wanasema palipo na kasoro. Mabadiliko yanaingia kwa makubaliano, kama yanavyoingia kwenye msimbo wa programu.

Wanachokileta hakipatikani kwa njia nyingine. Mtu wa huduma kwa wateja atakuambia kwamba mwenye duka akilalamika programu imekwama, jambo la kwanza analouliza ni kama bando imeisha. Mhandisi atakuambia kwamba "haijaonekana" kwa dakika mbili za kwanza ni kawaida na isihesabiwe. Hayo hayako kwenye mazungumzo yoyote na msaidizi, wala hayangeingia kwenye seti yako ya mifano.

*Muda na pesa.* Ni ghali kwa saa za watu, na kuwapata wote kwa wakati mmoja ni kazi. *Ushahidi* ni wa maneno, wenye uzito kadiri wanavyoijua kazi. Mwenye cheo akisema mstari fulani ubaki, huwa unabaki. *Data ya wateja* hunufaika, maana kuna macho zaidi ya kuona jina lililosahaulika ndani ya faili. *Urithi* ni mzuri, kwa sababu maarifa yamegawanywa. Inazifaa timu ambazo ujuzi mmoja unatumiwa na idara zaidi ya moja, na mahali ambapo watu hawauamini bado. Aliyeshiriki kuuandika huutumia.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama uko peke yako na ujuzi una wiki chache, hariri kwa mkono. Ukishaona marekebisho yanaanza kujirudia, mwombe msaidizi akukusanyie.

Kama tatizo ni kwamba ujuzi haufunguki, au unafunguka pasipohitajika, usianzishe mradi mkubwa. Andika upya maelezo ya juu, ukitaja maneno ambayo watu wenu huyatumia wanapoomba kazi hiyo, kisha jaribu maombi machache yanayopaswa kuufungua na machache yasiyopaswa.

Kama faili limenenepa na limejaa viraka, anza na msomaji asiye na historia katika mazungumzo mapya, halafu pima kwa mifano kabla hujafuta kitu.

Kama mnashughulika na mikopo ya kidijitali, ambayo watoaji wake wako chini ya leseni ya Benki Kuu ya Kenya tangu kanuni za 2022, au na data ya afya, anza na wenzako, akiwemo anayesimamia ulinzi wa data. Seti ya mifano ije baadaye, ikiwa imesafishwa mbele yake.

Kama matokeo yanabeba nambari zinazoamua kazi ya wengine, jenga seti hata iwe ya mifano kumi tu.

Kama kampuni inayotoa msaidizi imebadilisha toleo lake, maagizo yaliyokuwa yakihitajika yanaweza kuwa mzigo, na yaliyokuwa yakieleweka yanaweza kusomwa tofauti. Mwenye seti aipitishe upya siku hiyo hiyo. Asiye nayo achukue taarifa tatu au nne za wiki zilizopita, ampe msaidizi data ile ile, na alinganishe mstari kwa mstari.

Na kama unahama kazi mwezi ujao na ujuzi ni wako peke yako, tumia muda uliobaki kuandika sababu kando ya kila agizo, kisha keti na atakayeurithi mpitie malalamiko ya wiki moja pamoja, yeye akiwa kwenye kibodi.